Tangu Lini

Kwenye fomu pameandikwa: Dalili zilianza lini?
na mbele yake kamstari kafupi
kasikotosha hata jina la kijiji changu.
Daktari ni kijana. Kalamu iko tayari. Anangoja tarehe.

Nimwambie ulikuwa msimu wa salfa,
mikorosho ya Mnyambe imejaa unga wa njano,
nikanyanyua mikono kuanika shuka
na titi la kushoto likavutika ndani, mahali pamoja tu,
kishimo, kama mtu amebonyeza dole gumba
kwenye ugali wa muhogo kabla haujapoa?
Nikailaumu sidiria. Ya mtumba, waya umetokeza.

Wananiuliza kama nilijipapasa.
Vidole hivi, daktari, usivitake ushahidi.
Miaka kumi na minne nabangua korosho,
mafuta ya ganda yamekula ncha zote;
kikombe cha chai nakishika
na anayeniambia ni cha moto ni mdomo.
Mimi korosho mbovu naijua kwa sikio:
nzima ikidondoka mezani inalia,
mbovu inanyamaza.

Na hiki kilinyamaza.
Kingeuma ningekuja mbio. Jino lilipouma
nilitembea usiku hadi Newala mjini, kitenge nimejifunga shavuni.
Kisichouma nilikipokea kama mgeni mpole,
hadai maji, hadai kitanda,
nikamwacha akae.

Fadina, mdogo wangu, ndiye aliyekigusa kwanza.
Nina homa, ananipaka mafuta mgongoni,
mkono ukapita kwapani, ukasimama.
"Dada, hapa pana kitu. Kama korosho ghafi. Hakisogei."
Mtoki, nikamwambia. Nimejikata kidole juzi.
Kidole alikitazama. Hakikuwa na kidonda.
Akaendelea kupaka, taratibu zaidi.

Somo yangu wa unyago alinifundisha mengi,
mengine siyasemi mbele ya kalamu.
Alinifundisha kustahi mwili, kuufunika,
kutopeleka ya ndani barazani.
Katika somo la kunyamaza
nilifaulu kupita kiasi.

Chuchu ikaanza kurudi ndani
kama kichwa cha kobe aliyesikia nyayo.
Watoto watano imewanyonyesha, haijawahi kuona aibu.
Ngozi ikawa nzito, ina vitundu vitundu, ganda la chungwa.
Usiku mume wangu aliweka mkono pale,
akauondoa, akauliza kama mlango nimefunga.

Halafu doa.
Mabibo yameiva, kila mwanamke Mnyambe ana madoa,
nami nikaliona langu kwenye kanga, upande wa kushoto, rangi ya kutu,
nikasema: bibo.
Lakini bibo halitoki. Ufue kwa sabuni, ufue kwa jivu,
kanga itachakaa na doa lake.
Lile lilitoka kwa maji matupu.
Hapo nilijua, daktari.
Kama unataka tarehe ya kujua, ni hapo,
nimechuchumaa kwenye beseni, kanga safi mkononi.
Nikaifua mara ya pili.

Nikasubiri mnada.
Nikasubiri chama kilipe. Kikalipa nusu.
Nusu ilikuwa ada ya shule.
Nauli ya kuja Ndanda ameitoa Fadina. Ameuza cherehani yake,
na bado anasema ilikuwa mbovu.

"Mama," anasema kijana, "tangu lini?"
"Andika mwezi wa saba."
Anaandika. Mstari unatosha.

Wamekata kinyama, kidogo kama punje ya mtama,
wamekitia kichupani, majibu baada ya wiki mbili.
Sijui kitasema nini. Nimekaa kwenye benchi, bandeji inavuta.
Pembeni yangu binti wa Tandahimba, hata thelathini hajafika,
amekumbatia mkoba, anatazama saa ya ukutani.
Ananinong'oneza: ni kauvimbe kadogo tu,
na wala hakaumi,
afadhali awahi basi la saa nane.

"Hakaumi?" nikamuuliza.
"Hata kidogo."

Nikaushika ule mkoba kwa vidole vyangu visivyosikia,
nikauweka mapajani mwangu.
Kaa, nikamwambia.
Basi likapiga honi mara mbili,
likaondoka.